Arch Manning, Joe Burrow na mizani ya mashabiki

Tarehe 30 Agosti 2025, saa moja usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kijana wa miaka 21 aliingia uwanjani Columbus, jimbo la Ohio, mbele ya watu zaidi ya 100,000 ambao karibu wote waliomba avurunde. Jina lake Arch Manning, kwotabeki wa futiboli ya Marekani, yaani kiongozi wa mashambulizi ya timu. Babu yake Archie alicheza nafasi hiyohiyo. Baba zake wadogo, Peyton na Eli, waliicheza pia, na kila mmoja akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, mara mbili. Chuo chake cha Texas kilikuwa kimeshika namba moja kwenye kura ya kabla ya msimu ya shirika la habari la AP, inayopanga timu bora za vyuo, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo, watabiri walishamkabidhi yeye kabla hajatupa pasi hata moja ya msimu.

Usiku ule Texas walifungwa 14-7 na Ohio State, waliokuwa mabingwa watetezi. Manning alitupa pasi 30, zikafika 17, yadi 170, tachidauni moja (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, pointi sita), na pasi moja ikanaswa na adui. Hukumu ikatoka kabla wachezaji hawajamaliza kuoga: jina limembeba, kijana hana kitu.

Upande wa pili alikuwako kwotabeki mwingine mpya, Julian Sayin, aliyekuwa akianza mechi yake ya kwanza chuoni. Pasi 13 kati ya 20, yadi 126, tachidauni moja. Ukiweka karatasi mbili pembeni bila kutazama matokeo, utaona Manning alipata yadi nyingi zaidi. Lakini Sayin alisifiwa kwa utulivu na ukomavu. Alishinda, basi.

Kuna swali moja ambalo kila Septemba huwagombanisha mashabiki wa mchezo huu, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana: utajuaje kama kwotabeki mpya anafaa? Nimeutazama mchezo huu kwa miaka, mara nyingi usiku wa manane, na nimeshakosea mara nyingi kiasi cha kuanza kuelewa kwa nini tunakosea. Tunatazama mpira ukiwa hewani, na mpira ukishakuwa hewani kazi ya kwotabeki imekwisha.

Kwa asiyeujua mchezo, timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila jaribio, kisha anamkabidhi mkimbiaji, au anautupa kwa mmoja wa wapokeaji, au anakimbia nao mwenyewe. Mbele yake wanasimama wanaume watano wanene, wastani wa kilo 140 hivi kila mmoja, ambao kazi yao ni kuzuia asifikiwe. Wakizuia vizuri anapata sekunde mbili na nusu, pengine tatu.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya sekunde hizo. Kocha huchagua mpango na kumwambia. Tangu msimu wa 2024 vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kuweka redio kwenye kofia ya mchezaji mmoja, na redio hiyo hukatwa saa ya jaribio ikibakiza sekunde 15. Baada ya hapo yuko peke yake. Anatazama mabeki wa mwisho wamesimamaje, mmoja au wawili. Anatazama nani amesogea mbele kana kwamba anakuja kumvamia, na kama kweli anakuja au anamdanganya. Anabadili ulinzi wa ukuta wake, wale wanaume watano, ikibidi. Mpira ukimfikia mikononi anajua tayari macho yake yaende wapi kwanza, wapi pili, na mpira aumalizie wapi ikiwa pote pamefungwa. Haya yote hayamo kwenye ile 17 kati ya 30.

Sasa nije kwa Joe Burrow, maana sijui mfano mwingine unaoieleza habari hii vizuri kuliko wake.

Burrow alikaa Ohio State misimu mitatu akisugua benchi. Alivunjika mkono Agosti 2017, akapitwa na Dwayne Haskins, akamaliza shahada yake na mwaka 2018 akahamia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mechi yake ya kwanza kule, dhidi ya Miami, timu ilishinda 33-17, lakini yeye alifikisha pasi 11 tu kati ya 24, yadi 140. Ni mechi mbovu kuliko ile ya Manning ya Columbus, ila kwa sababu walishinda hakuna aliyepiga yowe. Msimu mzima wa 2018 alimaliza na asilimia 57.8 ya pasi zilizofika, yadi 2,894, tachidauni 16. Wakashinda mechi 10 na kupoteza tatu, ikiwamo 29-0 nyumbani mbele ya Alabama. Ungemwuliza shabiki wa kawaida wa LSU wakati ule, angekwambia kijana ana moyo, mgumu, anakimbia vizuri, lakini si mtu wa kukupa ubingwa. Mimi ningekubaliana naye.

Msimu uliofuata, mtu yuleyule, jezi ileile namba 9: asilimia 76.3, yadi 5,671, tachidauni 60, pasi sita tu zilizonaswa. Mechi 15, ushindi 15. Heisman kwa tofauti kubwa ya kura. Ubingwa wa taifa dhidi ya Clemson, 42-25, yadi 463 na tachidauni tano za pasi usiku mmoja. Aprili 2020, timu za ligi ya kulipwa zilipochagua vijana wapya, akachaguliwa wa kwanza kabisa na Cincinnati Bengals.

Mkono haukuongezeka nguvu katika miezi minane. Nini kilibadilika?

Kwanza mpango. LSU ilikuwa timu ya kizamani: wachezaji wazito wamebanana katikati, mkimbiaji anapewa mpira, anagonga ukuta, anapewa tena. Ukibana watu wako katikati, na adui atabana wake hapohapo, na kwotabeki anatupa pasi kwenye msongamano, mara nyingi jaribio la tatu lenye yadi nyingi ambapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Mwaka 2019 kocha Ed Orgeron alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 kutoka New Orleans Saints ya ligi ya kulipwa, asaidiane na Steve Ensminger, kocha wa mashambulizi. Wakawatawanya wapokeaji watano uwanja mzima, kwotabeki akabaki peke yake nyuma. Ulinzi unapotawanyika hauwezi tena kuficha nia yake: beki akisimama mbele ya fulani, unaona. Burrow alikuwa mtu wa kusoma, mtoto wa kocha. Kilichokuwa kichwani mwake siku zote sasa kikapata pa kutumika.

Pili watu. Ja'Marr Chase mwaka 2018 alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza aliyedaka pasi 23. Mwaka 2019 alidaka 84, yadi 1,780. Justin Jefferson akadaka 111. Ukuta wa mbele ulitwaa tuzo ya Joe Moore, ambayo hupewa safu bora ya mbele nchini. Kwa hiyo ukiuliza ni Burrow aliyewainua au ni wao waliomwinua yeye, jibu ni kwamba namba za kwotabeki ni namba za watu 11 zilizoandikwa kwa jina la mmoja.

Lakini, na hapa ndipo panaponivutia, dalili zilikuwapo mwaka 2018 kwa aliyejua pa kutazama. Tarehe 1 Januari 2019, dhidi ya UCF, chuo cha Florida, waliokuwa hawajafungwa katika mechi 25, Burrow alitupa pasi ikanaswa na kurudishwa mpaka tachidauni, na wakati anajaribu kumfukuza mnasaji akapigwa dafrau iliyomlaza chini. Akainuka. Akamaliza na yadi 394 na tachidauni nne, LSU wakashinda 40-32. Kuinuka kwenyewe si kitu kikubwa, wengi huinuka. Mimi naangalia jaribio lililofuata. Kwotabeki aliyeumizwa huanza kutazama wanaomjia badala ya kutazama wapokeaji. Macho hushuka. Ya Burrow hayakushuka.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza siku hizi, nacho hakihitaji utaalamu: macho na miguu. Ukuta unapovunjika, kwotabeki mchanga hukimbia kurudi nyuma au pembeni, anageuza mgongo, na nusu ya uwanja inamfia. Aliyeiva husogea hatua moja au mbili mbele, ndani ya ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya watu wake, na kichwa bado kimeinuka. Septemba 2019, Austin, nyumbani kwa Texas, LSU wakiongoza kidogo tu na dakika zinakwisha, ilikuwa jaribio la tatu na yadi 17. Texas walimvamia. Alisogea, akajikunja kukwepa, akampa Jefferson pasi iliyokwenda yadi 61 hadi mwisho. Watu wanakumbuka mbio za Jefferson. Irudie picha utazame miguu.

Kipimo cha pili ni kuuliza pasi ilikwenda umbali gani hewani. Mchezo wa vyuo umejaa pasi fupi zinazotupwa nyuma ya mstari wa kuanzia, mpokeaji anadaka kisha wenzake wanamfungulia njia. Pasi kama hiyo hata wewe ungeifikisha. Kumi za namna hiyo na asilimia inapanda mpaka 70, na shabiki anaondoka akisema kijana ana shabaha. Kinyume chake, Manning Columbus alikuwa anaombwa kutupa mbali dhidi ya moja ya safu bora za ulinzi nchini, iliyokuwa imepata kocha mpya, Matt Patricia, ambaye Texas hawakuwa na mkanda wake wa chuo hata mmoja wa kumsoma. Hilo halimtoi lawamani. Mara kadhaa alitupa chini au pembeni kwa mtu aliyekuwa wazi, na huo ni utupaji wake, si wa mtu mwingine. Ila yadi 170 za usiku ule haziwezi kulinganishwa na yadi 170 za mechi nyingine yoyote.

Kuna na hila ya karani. Katika mchezo wa vyuo, kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi, yadi zilizopotea zinakatwa kwenye hesabu ya kukimbia, tofauti na ligi ya kulipwa ambako hukatwa kwenye hesabu ya pasi za timu. Kwa hiyo unaweza kusoma kwamba kwotabeki fulani alikimbia mara 12 akapata yadi tano, ukamwona mzito kama gogo, kumbe alikimbia vizuri mara sita na kuangushwa sita. Nimewaona watu wazima wakibishana saa nzima juu ya mbio za mtu bila kujua hilo.

Halafu kuna wapinzani. Wiki moja baada ya Columbus, Manning aliwapiga San José State kwa yadi 295 na tachidauni nne, na mashabiki wakatulia. Wiki iliyofuata, nyumbani Austin dhidi ya UTEP, timu ambayo Texas ilitakiwa kuichabanga bila jasho, alifikisha pasi 11 tu kati ya 25, kwa kipindi kirefu zikipotea moja baada ya nyingine, na watu wake mwenyewe wakamzomea. Wiki ya tatu wakacheza na Sam Houston: 18 kati ya 21, yadi 309, Texas 55, wageni sifuri. Hukumu tatu kwa wiki tatu. Hizo mbili nzuri hazikutufundisha chochote, kwa sababu mabeki wa timu hizo hawawezi kukimbizana na wapokeaji wa Texas. Ya UTEP ilitufundisha kitu, maana kuwakosa watu walio wazi dhidi ya wanyonge ni tatizo la miguu au la kichwa, na haliwezi kusingiziwa adui.

Na mechi zenyewe ni chache. Msimu wa kawaida ni mechi 12, pasi 30 hivi kila moja. Toa zile za wanyonge, unabaki na saba au nane za maana. Kwenye soka letu mshambuliaji mpya hupewa nusu ya msimu, zaidi ya mechi 15, kabla kijiwe hakijamkata jina, na hapo tunaambiwa hatuna subira!

Oktoba 4 Texas walikwenda Florida wakafungwa 29-21. Manning aliangushwa mara sita, pasi zake mbili zikanaswa. Hapa ndipo nilipoona kosa la mashabiki wengi likigeuka upande wa pili: kila kitu kikawa kosa la ukuta. Ukuta ulikuwa mbovu kweli. Lakini kuangushwa hakutokani na ukuta peke yake. Kwotabeki anayeushikilia mpira sekunde nne akingoja pasi kubwa atafikiwa hata alindwe na milango ya Zanzibar. Ukitaka kujua la nani, hesabu kimoyomoyo kuanzia mpira unapomfikia: mbili, tatu. Akiangushwa kabla ya tatu, lawama ni ya walio mbele. Baada ya tatu, mara nyingi ni yake.

Sijamtaja bado mtu anayependwa kuliko wote katika kila mji wenye timu ya chuo, yaani kwotabeki wa akiba. Hajakosea kwa sababu hajacheza. Kila pasi inayopotea inamwongezea uzuri yeye aliyekaa. Mashabiki wana haki ya kumwota, kwa kuwa mara moja moja ndoto hutimia: tarehe 8 Januari 2018, fainali, Alabama wako nyuma 13-0 mapumziko, kwotabeki wao Jalen Hurts amefikisha pasi tatu kati ya nane. Kocha Nick Saban akamtoa mtu aliyempeleka fainali mbili mfululizo, akamwingiza Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza. Muda wa nyongeza, Tua akaangushwa kizembe, yadi 16 nyuma, moja ya makosa mabaya ambayo kwotabeki anaweza kufanya pale. Jaribio lililofuata akamtupia DeVonta Smith yadi 41, ubingwa, 26-23.

Hadithi hiyo imewaharibu watu wengi, maana kila mji sasa unaamini una Tua wake kwenye benchi. Sehemu ya pili haisimuliwi sana. Desemba mwaka uleule 2018, dhidi ya Georgia, Tua aliumia na Hurts akatoka benchi kuokoa mechi, 35-28. Akahamia Oklahoma, akawa wa pili kwenye kura za Heisman za 2019, nyuma ya Burrow, kisha wawili hao wakakutana nusu fainali, na Burrow akatupa tachidauni saba kabla ya mapumziko. Februari 2025 Hurts aliwatwanga Kansas City akiwa na Philadelphia Eagles na kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa Super Bowl. Huyo ndiye aliyefikisha tatu kati ya nane.

Kwa nini basi haraka imezidi? Fedha ni sehemu yake. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kwotabeki ndiye wa kwanza mezani. Mtu anayejua kijana analipwa mamilioni ya dola hamwoni tena kama mwanafunzi anayejifunza. Dirisha la uhamisho nalo, tangu lilipofunguliwa mwaka 2018, limewapa mashabiki wazo kwamba mwingine yuko sokoni kila msimu unapokwisha. Na kamari: tangu Mahakama Kuu ya Marekani iliporuhusu majimbo kuihalalisha mwaka 2018, wapo wanaomtazama kwotabeki kupitia mkeka wao. Huyo hampimi mtu, anakagua tiketi. Manning mwenyewe, kwa jina lile, angeweza kuhamia popote alipokuwa nyuma ya Quinn Ewers, kwotabeki wa Texas wakati huo, lakini alikaa akiba misimu miwili Texas, jambo ambalo kwa siku hizi ni adimu.

Novemba 22, 2025, Austin, uwanja uleule aliozomewa, Manning alitupa yadi 389 dhidi ya Arkansas, tachidauni nne za pasi, akakimbiza moja, na nyingine akaidaka mwenyewe kwa pasi ya mwenzake. Wiki iliyofuata walikuja Texas A&M, mahasimu, wakiwa hawajapoteza mechi hata moja. Robo ya mwisho alishika mpira, akapita katikati na kukimbia yadi 35 bila kuguswa vizuri. Texas 27, A&M 17.

Niliirudia baadaye mechi ya Columbus, bila sauti. Nilichokuwa nimesahau ni majaribio ya nne. Texas walikuwa nayo matano wakafaulu moja. Lingine lilikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa tachidauni, Manning akapewa mpira ajisukume mwenyewe katikati, wote waliokuwa mbele yake wakarudishwa nyuma, naye akafia pale. Aliyechagua mpango huo ni kocha Steve Sarkisian. Kwenye karatasi linasomeka kama jaribio moja la Manning la kukimbia, lisilo na faida. Texas walimaliza msimu wa kawaida na ushindi tisa na vipigo vitatu, na kamati ilipotaja timu 12 za mchujo wa ubingwa hawakuwamo.